Kidole Baridi

Jumapili, 3 Agosti 1997

Nimekufa tena. Mara ya tisa tangu Pasaka. Safari hii nimeuawa na panya. Panya mwenye ukubwa wa punda, sawa, lakini bado panya!

Niandike vizuri, maana hasira zikipoa nitasahau. Kila Jumapili baada ya misa na chakula cha mchana, watu watano tunakutana kwenye stoo ya duka la mzee Kanji hapa Kahama, katikati ya magunia ya mchele. Tunacheza mchezo alioleta Hemal, mtoto wa Kanji, aliporudi kutoka chuo India. Si karata, si bao. Kila mchezaji ana mpiganaji wake wa kubuni. Hemal ndiye Msimulizi: anaeleza mlima, mto, adui anayetujia. Sisi tunasema wapiganaji wetu wanafanya nini. Kisha inarushwa dadu ya pande ishirini, nayo inaamua kama ngumi imefika au imepiga hewa.

Utamu wote uko kwenye mitindo ya kupigana. Hakuna wa kawaida hata mmoja. Mageni, mchimba dhahabu, ana Ngumi ya Duara: anazama ardhini kama anavyoshuka duarani, yaani shimo la kuchimbia, kule machimboni Nyarugusu, halafu anaibuka chini ya miguu ya adui. Mwalimu Selestine ana Mtindo wa Korongo: akisimama kwa mguu mmoja siku tatu, siku ya nne hagusiki. Bibi Gangaben, bibi yake Hemal, mwenye miaka sabini na sita, ana Mtindo wa Ungo: anapepeta hewa, na mikuki inayomjia inaruka pembeni kama makapi. Hajawahi kufa! Anabangua karanga huku akiangamiza majeshi.

Mimi nina Upepo wa Alasiri. Unainua vumbi. Basi. Mara moja niliangusha kofia ya mtu.

Leo Hemal katangaza habari nzito. Mwezi wa tisa anahamia Mwanza kusimamia duka jipya la baba yake. Kiti cha Msimulizi kitabaki wazi. Jumapili ya tarehe 17 binamu yake Urvi atakuja na kundi lake kutoka Ngokolo, Shinyanga, tucheze pamoja Mlima wa Dhahabu, na baada ya hapo Hemal atachagua wa kumrithi. Kasema atamtazama yule atakayefanya jambo la kukumbukwa.

Ninakitaka kiti hicho. Naandika hapa wazi kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Miaka kumi na minne nachapa maneno ya watu wengine kwenye ofisi yangu karibu na stendi. Maombi ya kazi. Malalamiko ya mipaka ya mashamba. Barua za posa, mbili kwa siku moja kutoka kwa mwanamume yuleyule, jina tu ndilo tofauti. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kinafuata nini. Msimulizi anaulizwa kila dakika: halafu ikawaje?

Lazima nifanye jambo la kukumbukwa. Kwa vumbi? Haiwezekani. Nahitaji akili.

Jumanne, 5 Agosti

Akili imekuja yenyewe, kwa miguu, saa tatu asubuhi!

Hemal kaingia ofisini, kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kaweka mezani daftari nene. Katafsiri kitabu kizima cha mchezo kwa mkono wake, maana kile cha Kiingereza kimechakaa na ni yeye tu anayekisoma bila kubabaika. Akaniomba nikichape kwenye stensili, nidurufu nakala sita, kila mtu awe na yake na moja ya wageni, kabla hawajafika. Akasema ananiamini mimi kuliko mtu yeyote hapa Kahama kwa kazi ya kuchapa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nimechapa mpaka ukurasa wa kumi na saba, Ngumi ya Duara. Hapo nikasimama. Nikatazama ukutani. Kitabu chote kinapita kwenye vidole vyangu. Nani atajua mtindo upi ulikuwamo na upi haukuwamo? Mitindo yenyewe ni thelathini na mmoja! Thelathini na miwili itadhuru nini?

Nimetunga ukurasa wa kumi na nane. Nanakili hapa:

“MTINDO WA KIDOLE BARIDI. Mpiganaji hukusanya baridi ya alfajiri katika kidole kimoja. Kidole kikimgusa adui, hupooza mwili mzima kwa raundi tatu. Hauna kinga. Unafundishika tu kwa mwanamke aliyetimiza miaka thelathini na minane na kuzaliwa Ushirombo.”

Nina miaka thelathini na minane. Nimezaliwa Ushirombo. Bahati iliyoje!

Herufi ya “o” kwenye taipureta inanata tangu juzi. Nitaitia mafuta kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Kero. Mwalimu Selestine kapita ofisini akitoka shuleni, kalamu nyekundu sikioni. Anataka kupitia kila ukurasa kabla haujadurufiwa. Kasema hawezi kuruhusu wageni wa Shinyanga waone kosa la tahajia lenye anwani ya Kahama. Mtu huyu alisahihisha kadi yetu ya mwaliko wa Ekaristi ya kwanza ya binti yetu Klara. Baada ya watu kuja!

Nikampa kurasa zote isipokuwa ule wangu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasoma, akatia alama. Saa nzima. Kisha akainua kichwa, akauliza ukurasa wa kumi na nane uko wapi.

Nikasema umeachwa wazi kwa ajili ya picha.

Akauliza picha gani. Nikasema ya korongo. Sijui kwa nini nilitaja korongo! Uso wake ukang'aa. Akasema korongo ni mtindo wake, kwa hiyo atamchora mwenyewe, na angefurahi kuanza sasa hivi. Ikabidi nimpe stensili tupu. Ya kulipia kosa langu mwenyewe! Kachora mpaka jua linaelekea kuzama. Korongo ana vidole sita na uso wa mkaguzi wa elimu.

Kitabu sasa kina kurasa mbili za kumi na nane. Si kitu. Nakala ya Mwalimu nitaiwekea korongo peke yake. Zile nyingine zitapata zote mbili. Selestine hatauona ukurasa wangu, na kalamu yake haitaugusa.

Wakati mwingine najishangaa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu. Mji mzima uko kwenye maonyesho ya kilimo kutazama ng'ombe. Mimi na Clemens tuko ofisini na mashine ya kudurufu. Mume wangu anafanya kazi bandari kavu ya Isaka, anahesabu makontena, anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Nilimwambia nahitaji mkono wenye nguvu. Anapenda kuambiwa hivyo.

Alizungusha, mimi nikapokea karatasi. Alipofika kwenye ukurasa wa Kidole Baridi alichukua karatasi moja, akasoma, akacheka peke yake. Akauliza huyu adui ni chai au ni mtu. Sikuelewa. Clemens utani wake una shida, miaka kumi na sita ya ndoa sijauzoea. Nikamwambia asicheke kazi za watu, azungushe.

Akazungusha, lakini mabega yanatikisika.

Nakala sita, zimebanwa vizuri, wino haukusambaa. Nimezipanga mezani nikazitazama muda mrefu. Ukurasa mmoja kati ya kurasa zote hizo si maneno ya mtu mwingine. Hisia ngeni kidogo. Nadhani ni njaa.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya ushindi. Karibu.

Nimegawa vitabu. Shangwe! Mageni alinusa wino kama mtu anayenusa mkate. Selestine alimwonyesha kila mtu korongo wake. Hemal akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akafika kwenye kumi na nane ya pili. Akasoma. Akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakumbuki kuandika mtindo huu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamkumbusha kwamba mwezi wa sita alilazwa na malaria na alikuwa anatafsiri kitandani. Homa ikipanda mtu anaandika mengi. Akafikiri. Akasema huenda. Kisha akasema jambo ambalo silipendi kulikumbuka: kwamba basi ile homa ilimpa Kiswahili kizuri kuliko akiwa mzima.

Nikaangalia magunia.

Mageni akalalamika kwamba mtindo usio na kinga utaharibu mchezo. Nikasimama. Nikasema kwa nguvu kwamba kilichoandikwa kitabuni ndicho sheria, neno kwa neno, herufi kwa herufi, la sivyo tutageuka wahuni. Hemal akakubali. Akaandika sentensi hiyo nyuma ya kitabu chake na kuniomba niirudie asikosee. Nikairudia.

Basi nikainua mkono kuomba kujifunza Kidole Baridi, kwa kuwa nimegundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba nina sifa zote.

Na hapo Bibi Gangaben akaweka karanga chini. Akasema naye anauomba.

Nikamweleza kwa heshima kwamba unahitaji kuzaliwa Ushirombo. Akasema alizaliwa Ushirombo. Mwaka 1921. Baba yake alikuwa na duka la chumvi na vitambaa karibu na misheni, na yeye alicheza na watoto wa Kisumbwa mpaka akaolewa Shinyanga. Akanisalimia kwa Kisumbwa, mbele ya watu wote, safi, bila kukwama. Mimi mwenyewe nilichelewa kuitikia!

Kwa hiyo tuko wawili. Kidole nilichokichonga kwa kipimo changu kimemwenea bibi wa miaka sabini na sita.

Jumanne, 12 Agosti

Mageni kaja ofisini. Kaketi kwenye benchi, kavua kofia, vumbi jekundu la machimbo bado liko kwenye nyusi. Kaniambia bila kuzunguka: “Mama Klara, mimi nimekaa na madalali wa dhahabu miaka sita. Mizani iliyochezewa naijua hata ikiwa imefunikwa.”

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema ukurasa ule niliuandika mimi.

Nikakohoa. Nikapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nikasubiri aseme anachotaka, maana mtu haji na maneno kama hayo bure. Nilishaanza kutunga majibu matatu, moja la machozi.

Alichotaka ni sentensi moja. Aongezewe kwenye Ngumi ya Duara. Kasema katika kitabu, mpiganaji akishuka ardhini Msimulizi hurusha dadu kuona kama duara litaporomoka. Kila mara anaposhuka anashika pumzi mpaka dadu itulie. Hataki hilo kwenye mchezo. Mwaka juzi duara lilimfukia mdogo wake kule Nyarugusu. Walichimba siku mbili. Alisema hivyo akiitazama kofia yake, sauti ileile ya kuagiza soda.

“Huko naenda kila Jumatatu, mama. Nitashuka tu, ndiyo kazi. Lakini Jumapili nataka kushuka bila kuogopa.”

Sikutumia lolote kati ya yale majibu matatu. Nimeingiza stensili kwenye mashine yeye akiwa palepale. Nikachapa: “Duara la Mageni haliporomoki.” Nikaitazama. Nikaongeza: “Wala halijai maji. Na aliye ndani yake hana upweke.”

Akasoma mara mbili. Akasema wabeja, asante ya kwao. Akatoka.

Nimedurufu vipande sita, nikaenda stoo vitabu vinakolala, na kuvibandika kwa gundi chini ya ukurasa wa kumi na saba wa kila kitabu. Hemal nitamwambia niliruka mistari. Kwa kweli ni uzembe wa kimkakati: sasa Mageni hawezi kunisema kokote. Ndiyo sababu pekee niliyofanya hivyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi. Nimesimama mbele ya kioo na kunyoosha kidole. Nimejaribu sauti tatu za kutamka “Kidole Baridi!” Ya pili ndiyo ya kutisha. Jirani kabisha hodi kuuliza kama nimekatwa na kisu.

Nimepanga hivi. Juu ya mlima yuko Mlinzi, jitu la jiwe ambalo Hemal anasema halijashindwa. Nitawaacha wote wajaribu kwanza, wachoke, wakate tamaa. Kisha nitasogea polepole. Nitaligusa. Litapooza. Selestine atalia kwa wivu. Hemal atainuka na kunipisha kiti.

Tatizo ni Bibi Gangaben, ambaye anaweza kuligusa kabla yangu. Lakini zamu tunafuata mpangilio wa kuketi. Jumapili nitawahi stoo na kupanga viti. Bibi ataketi kushoto kwangu. Zamu yake itakuja baada ya yangu.

Hakuna nilichosahau.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika haya jioni.

Urvi alifika kwa basi la asubuhi na wenzake watatu. Msichana mrefu, mcheshi, daftari limejaa mahesabu. Stoo ikajaa. Hata mzee Kanji alisimama mlangoni akijifanya anahesabu magunia.

Hemal alisimulia kama hajawahi kusimulia. Mlima wa Dhahabu. Njia nyembamba. Na pale juu Mlinzi, mrefu kuliko minara yote, jiwe tupu, anatikisika na kunguruma bila kusema neno. Kundi la Ngokolo lilipanda kwanza. Urvi alikuwa na Mtindo wa Mwangwi, ngumi moja inayopiga mara saba. Ngumi zote saba zilifika! Mlinzi akawafagia wanne kwa mkono mmoja.

Kisha sisi. Selestine akasimama kwa mguu mmoja akasombwa na mguu huohuo. Mageni akasema anashuka. Hemal akachukua dadu, kama kawaida, kuona kama duara litaporomoka. Mageni akaweka kidole kwenye kipande nilichobandika. Hemal akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Akarudisha dadu mezani bila kuirusha, akasema: “Unashuka. Kuko kimya. Kuta zimetulia. Hauko peke yako.” Mageni akafumba macho. Nadhani stoo yote ilishika pumzi, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mimi na yeye.

Akaibuka chini ya kisigino cha Mlinzi, akapiga. Jiwe likapasuka! Mlinzi akayumba, akanguruma kwa maumivu, akainua mikono yote miwili atuponde.

Zamu yangu. Nikasimama. Sauti ya pili: “Kidole Baridi!” Nikarusha dadu. Kumi na tisa! Nimegusa!

Hemal akaniomba nisome sheria kwa sauti. Nikasoma: kidole kikimgusa adui, hupooza mwili mzima kwa raundi tatu.

Akasema nisome kama ilivyoandikwa.

Nikasema ndivyo nilivyosoma. Selestine, aliyekuwa hana la kufanya kwa sababu amekufa, akanichungulia begani. Akatoa kalamu nyekundu. Nikasikia anavuta pumzi. “Mama Klara,” akasema, “hapa pameandikwa hupoza. O moja.”

Nikaangalia. O moja.

Mwalimu akajitolea kueleza, kwa ajili ya wageni, kwamba kupooza ni kushindwa kujongea, ilhali kupoza ni kuondoa joto au maumivu, kama mtu anavyopoza chai au jeraha. Kumbe ndiyo chai ya Clemens! Stoo ikaangua kicheko. Mzee Kanji alishikilia gunia.

Hemal hakucheka. Akasema kwa utulivu kwamba basi kidole kimemtuliza Mlinzi maumivu, kisigino kimepona, amerudi na nguvu zote.

Nikapiga kelele. Nikasema ni kosa la mashine, mtoto mdogo angeona, mwandishi alikusudia hupooza!

Hemal akauliza najuaje alichokusudia mwandishi.

Urvi aliacha kuandika. Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekisia. Nilikuwa na nafasi ya kutaja malaria. Mdomo ulifunguka na yakatoka maneno mengine kabisa. Nikasema: “Kwa sababu mwandishi ni mimi.”

Nilisubiri anifukuze. Akafunua nyuma ya kitabu chake, pale alipoandika maneno yangu, akayasoma: kilichoandikwa kitabuni ndicho sheria, neno kwa neno, herufi kwa herufi. Akauliza kama bado nasimamia hilo. Nikasema nasimamia. Ningesema nini? Basi Mlinzi amepona, akasema, na anainua tena mikono.

Nikaketi. Nilitamani kuingia duara la Mageni.

Zamu ya Bibi Gangaben. Akapangusa maganda ya karanga kwenye sari. Akasema naye anatumia Kidole Baridi.

Wote tulimgeukia. Selestine akamkumbusha kwa heshima kwamba kidole kile kinaponya. Bibi akasema amesikia, masikio yake bado mazima. Akasema jitu hili limesimama hapo juu miaka mia tatu na hakuna aliyefika ila kulipiga. Leo ndiyo mara ya kwanza kuguswa likapata nafuu, na yeye ametazama: lilipopona kisigino, kabla ya kuinua mikono, lilisita. “Sasa Hemal, mjukuu wangu, liulize. Wapi pengine panauma?”

Hemal akaangalia karatasi zake. Akageuza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna! Hakuwa ameandika chochote kwa swali hilo. Akaweka karatasi zote pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasimulia bila kusoma. Mlinzi akaketi. Mlima ukatetemeka. Akaonyesha kifua: mkuki wa mpiganaji wa kwanza, umevunjikia ndani, ndio unaomfanya angurume. Mageni akashuka tena, ndani ya jiwe safari hii, akauchomoa. Urvi na kundi lake wakaamshwa kuvuta. Selestine alifufuliwa kwa kidole changu kushika taa. Watu wanane kwenye mkuki mmoja! Ulipotoka, Mlinzi akalala usingizi, na mlango wa mlima ulikuwa nyuma yake, wazi.

Tulipiga makofi kama mabingwa. Urvi kanikumbatia, akaniomba nakala ya ukurasa ule kwa ajili ya Ngokolo. Pamoja na kosa lake!

Walipoanza kutawanyika Hemal kanifuata penye mizani ya mchele. Nikaanza kuomba radhi. Akasema alijua tangu tarehe 10. Mtu anayajua maneno yake, hata ya homa. Alitaka kuona nitafika wapi. Akasema kurasa zote alizotafsiri zinanuka safari. Ule wangu na kile kipande cha Mageni ndivyo pekee vilivyozaliwa hapa.

Kiti kampa Bibi Gangaben. Nilikubali haraka, kabla uso haujanisaliti. Mimi kanipa kazi nyingine: niandike kitabu cha pili. Mitindo ya hapa kwetu, yote, kutoka kichwani mwangu. Jina langu litakaa juu. Mwalimu atasoma kila ukurasa.

Kila ukurasa!

Lakini jina juu. Theopista Maganga. Nimelichapa niliporudi, kuona linavyokaa. Linakaa vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekaa ofisini nikatafakari kwa unyofu. Mtu akifanya kosa ajifunze. Somo ni hili: herufi ya “o” ikaguliwe mara mbili.

Mtindo wa kwanza umeandikwa. Mtindo wa Pamba: ukimpiga mtu mwenye mtindo huu, ngumi inazama, inatoka safi, na hasira zako zinabaki ndani. Mageni kapita akielekea machimboni, kausoma akiwa amesimama, akauliza halafu ikawaje.

Nikamwambia aketi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kwa kuwa mimi ni mwandishi, sanduku la dadu linakaa kwangu, nijaribie sheria. Heshima kubwa. Sitaitumia vibaya.

Ila Urvi alinidokeza jambo, kwa utani tu. Dadu nyingi zina upande mmoja mzito. Ukitia chumvi nyingi kwenye maji, dadu inaelea, na upande mwepesi hujitokeza juu kila mara. Ukiijua dadu ambayo hupenda ishirini, unaichagua hiyo Jumapili. Huu si udanganyifu. Ni utafiti. Mwandishi wa sheria lazima avijue vifaa.

Asubuhi nikajaza sufuria kubwa, chumvi pakiti nzima. Nikatosa dadu nyekundu, ile ndogo. Ikaelea! Ishirini juu! Nikaigonga. Ishirini! Nikaigonga tena. Ishirini! Nilicheza jikoni peke yangu. Nikaiacha humo ili nikirudi nithibitishe, nikakimbilia ofisini kuchapa barua ya mtu.

Nimerudi jioni. Sufuria iko jikoni, imefunikwa, inanukia. Clemens karudi mapema kutoka Isaka. Mwanamume ambaye kwa miaka kumi na sita hakujua moto unawashwa wapi, leo ndiyo ameamua kunisaidia! Kakuta maji tayari, akatosa maharage. Mekundu. Madogo.

Nimemuuliza kama aliona kitu majini. Kasema hakuangalia, alitaka kunishangaza.

Naandika huku anakula. Sahani yangu nimeichambua punje kwa punje, haimo. Sufuria nimeikoroga mpaka chini, haimo. Iko kwake. Kasema maharage yamezidi chumvi kidogo lakini anayapenda. Kijiko kingine. Nikimwambia ataniuliza maji yalikuwa ya nini, na huo utafiti bado haujakamilika. Bora nitulie. Atakapoitema nitaiosha na Jumapili itafanya kazi yake.

Kijiko kingine.

Ameacha kutafuna. Ananitazama.

Amemeza.